Kitabu cha Fedha Husomwa kwa Kalamu

Kabla sijataja kitabu chochote, naomba ujibu maswali matatu. La kwanza: umeweka shilingi 100,000 mahali panapotoa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na hukuzigusa kwa miaka 5. Mwishoni utakuwa na zaidi ya 150,000, 150,000 kamili, au pungufu ya hapo? La pili: akiba yako inakua kwa asilimia 1 kwa mwaka, huku bei za vitu sokoni zikipanda kwa asilimia 2. Mwaka ukiisha, fedha hiyo itanunua vitu vingi zaidi, vilevile, au vichache? La tatu: ni kweli au si kweli kwamba kununua hisa za kampuni moja ni salama kuliko kuweka fedha kwenye mfuko wenye hisa za kampuni nyingi?

Maswali ya namna hii, kwa takwimu tofauti kidogo, yalitungwa na wachumi wawili wanawake, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell. Yalianza kutumika Marekani mwaka 2004, na tangu hapo yameulizwa katika nchi nyingi. Karibu kila yalikoulizwa, wanawake walipata alama za chini kuliko wanaume, na wanawake ndio waliochagua zaidi jibu la "sijui". Watafiti wakaingiwa na shaka. Kule Uholanzi, Lusardi na wenzake waliwauliza watu walewale mara mbili: kwanza jibu la "sijui" likiwemo, kisha likiwa limeondolewa. Lilipoondolewa, wanawake wengi waliokuwa wamesema hawajui walichagua jibu sahihi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2021, ukaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya pengo kati ya wanawake na wanaume inatokana na wanawake kutojiamini. Jibu wanalo, ila hawathubutu kulitoa.

Majibu yenyewe ni haya. La kwanza ni zaidi: riba huzaa juu ya riba, na fedha yako inafika shilingi 161,051. La pili, vichache. La tatu, si kweli. Kama uliyapata lakini ukawa unasita kila mara, wewe ndiye ninayekuandikia.

Mtazame mwanamke anayeshika daftari la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Anajua nani ana hisa ngapi, nani hajaleta rejesho wiki mbili, faini ya kuchelewa imefika wapi, na kikoba kikivunjwa Desemba kila mmoja ataondoka na kiasi gani. Siku hiyohiyo anaingia benki, anawekewa mezani mkataba wa kurasa kadhaa, naye anauliza tu, "Nisaini wapi?" Hesabu iliyomo kwenye mkataba ule ni ndogo kuliko anayoifanya kila Jumamosi akiwa amekaa kwenye mkeka. Ndiyo maana, mtu akiniomba nimtajie kitabu cha fedha, kwanza naangalia kama kitamfanya achukue kalamu na kupiga hesabu zake mwenyewe. Kitabu kinachomwacha na msisimko tu, bila namba zake mwenyewe kwenye karatasi, hakitamsaidia siku ya mkataba.

Kwa anayeanza, napendekeza The Smart Money Woman cha Mnigeria Arese Ugwu, kilichotoka mwaka 2016 na baadaye kikatengenezewa tamthilia ya televisheni. Ni hadithi ya Zuri, binti wa Lagos mwenye kazi nzuri na mavazi ya gharama, ambaye akaunti yake ni tupu. Ana marafiki, na kila rafiki ana tatizo lake. Mmoja wao, Adesuwa, ni mwanasheria anayebeba mzigo wa mume asiyejali fedha. Kinachonivutia ni kwamba sura zinafuatwa na mafunzo na mazoezi: andika unachomiliki, andika unachodaiwa, toa cha pili kwenye cha kwanza. Vilevile shida zake tunazifahamu. Michango ya harusi imo, sare za shughuli zimo, ndugu wanaopiga simu mwisho wa mwezi wamo. Mwandishi hamkemei msomaji kwa kusaidia ndugu. Anamfundisha kulipangia jambo hilo fungu kabla simu haijalia. Msomaji wa Tanga au Mombasa hatahitaji kufafanuliwa hayo.

Kitabu cha pili ambacho wengi wamekisikia ni The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926. Fundisho lake kuu linakaa kwenye sentensi moja: katika kila unachopata, sehemu ya kumi iweke kwanza, kilichobaki ndicho cha matumizi. Ushauri huu ni mzuri. Ila fahamu kwamba maandishi haya yalianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima za Marekani, na walengwa walikuwa watu wenye kipato cha kueleweka. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wanawake wengi wa biashara ndogo huumizwa na ushauri huu wanapoufuata kama ulivyoandikwa.

Chukua mama mwenye genge anayeuza shilingi 80,000 kwa siku. Akitoa sehemu ya kumi ya mauzo, ameweka 8,000. Sasa tupige hesabu. Bidhaa alizinunua sokoni alfajiri kwa 60,000. Nauli na mbebaji 5,000. Ushuru 1,000. Nyanya zilizooza na mifuko 4,000. Jumla 70,000. Faida ya siku ni 10,000. Akiweka 8,000, anabaki na 2,000 za kulisha nyumba, na hapo ndipo anaanza kuchota kwenye fedha ya kununulia mzigo wa kesho. Baada ya mwezi mtaji umeliwa, naye anajiona hana nidhamu, ilhali kosa lilikuwa kukata sehemu ya kumi kwenye mauzo. Angekata kwenye faida, angeweka 1,000 kwa siku na mtaji ungebaki salama. Mfuko wa mtaji, mfuko wa nyumba na mfuko wa akiba itenganishwe, hata kama ni bahasha tatu kabatini au laini mbili za simu na kibubu. Nenda na daftari lako, andika mauzo na gharama kwa wiki mbili tu, ndipo ufungue kitabu cha Clason. Utakisoma ukiwa na namba zako, na utajua sehemu ya kumi yako ni ya nini.

Wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam, hawakosi Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, cha mwaka 1997. Jalada la matoleo ya mwanzo lilikuwa na jina la mwandishi mwenza, Sharon Lechter, mwanamke mhasibu, na naamini sehemu iliyo bora ya kitabu ni ile yenye harufu ya uhasibu. Inasema hivi: mali ni kile kinachoingiza fedha mfukoni mwako, mzigo ni kile kinachoitoa. Pima vitu vyako kwa kipimo hicho. Pikipiki ya bodaboda inayoleta hesabu kila jioni ni mali. Gari la kutembelea ni mzigo, hata kama ni zuri. Ukishalishika hilo, kitabu kimekwisha kazi yake. Sehemu zinazomtia mtu hamu ya kukopa ili anunue majengo zisome ukikumbuka kwamba riba za kwetu si za Marekani, na kwamba mwaka 2012 mojawapo ya kampuni za Kiyosaki ilifika mahakamani kuomba kufilisika.

Vitabu vya wanawake wa Marekani kama Suze Orman au Bola Sokunbi vina sura nzuri sana kuhusu hofu, aibu ya madeni na mazungumzo ya fedha na mwenzi. Zisome. Ukifika kwenye akaunti zao za akiba ya uzeeni, 401(k) na Roth IRA, na alama za mkopo, ruka, lakini usiache pengo. Andika pembeni mwa ukurasa: kwetu kinachofanya kazi hii ni kipi? Kwa Tanzania utaandika mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao hata aliyejiajiri anaweza kujiunga nao na kuchangia mwenyewe. Utaandika vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambamo Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005. Utaandika hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambapo mtu wa kawaida anaingia kupitia benki yake au dalali kuanzia shilingi milioni 1. Utaandika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako mwaka 2022 iliorodheshwa hatifungani ya Jasiri ya benki ya NMB, iliyotolewa mahususi kukopesha biashara za wanawake. Msomaji wa Kenya ataandika M-Akiba, hatifungani ya serikali iliyouzwa kwa simu mwaka 2017 kuanzia shilingi 3,000 za Kenya. Msomaji Mwislamu asiyetaka riba ataandika mambo mengine kabisa, kwa kuwa vitabu hivi karibu vyote vinachukulia riba kuwa jambo la kawaida. Tanzania benki ya kwanza kamili ya Kiislamu, Amana, ilifunguliwa mwaka 2011, na maswali ya kuuliza kuhusu kugawana faida na hasara yanahitaji daftari lake.

Kuna vitabu viwili ambavyo havipo kwenye rafu ya "jitajirishe" na ambavyo, kwa maoni yangu, vinamheshimu mwanamke wa kipato kidogo kuliko vyote nilivyotaja. Kimoja ni Portfolios of the Poor cha mwaka 2009. Watafiti walizifuata kaya za Bangladesh, India na Afrika Kusini, wakaandika kila fedha iliyoingia na kutoka kwa mwaka mzima. Hawakukuta hata kaya moja iliyotumia njia za fedha chini ya aina nne. Watu waliokuwa wakiishi kwa dola moja au mbili kwa siku waliweka, walikopa, walikopesha, walitunziana. Kingine ni The Poor and Their Money cha Stuart Rutherford, mmoja wa waandishi wa kile cha kwanza. Humo yumo Jyothi, mama wa Vijayawada, India, ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kukusanya akiba za wanawake wa mtaani. Mteja anaweka rupia 5 mara 220, jumla 1,100, na mwisho anarudishiwa 1,000. Rupia 100 ni ujira wa Jyothi. Ukisoma haraka utasema wale wanawake hawajui hesabu, maana wanalipia kuweka fedha yao wenyewe. Rutherford anaonyesha kwamba wanajua vizuri: wananunua mtu wa kuja kila siku mlangoni kabla fedha haijapata kazi nyingine. Anayecheza mchezo wa kupokezana fedha na wenzake ofisini, huku ana akaunti ya benki, anaelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Banker to the Poor cha Muhammad Yunus nacho kiwe karibu. Yunus anasimulia alivyokutana, katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, na mwanamke aliyesuka vigoda vya mianzi. Hakuwa na taka 5 za kununua mianzi, kwa hiyo alikopeshwa na mfanyabiashara kwa sharti la kumuuzia yeye vigoda, kwa bei aliyoipanga yeye. Mwisho wa siku alibaki na senti 50 za taka. Ilipoandikwa orodha ya wanakijiji waliokuwa kwenye minyororo ya namna hiyo, walipatikana 42, na deni lao wote pamoja lilikuwa chini ya dola 27. Unaweza kutokubaliana na mengi yaliyofuata katika mikopo midogo duniani, nami simo miongoni mwa wanaoamini kwamba mkopo ni dawa ya kila umaskini. Lakini ukurasa ule unafundisha kuhesabu deni kwa kuangalia anayebaki na faida.

Na hilo linatuleta kwenye mikopo tunayoiita kausha damu. Ofisa anakuja na maneno matamu: "Mama, shilingi 500,000, riba asilimia 20 tu, unarejesha 150,000 kila wiki kwa wiki nne." Unalipa 600,000, na asilimia 20 inaonekana ni kweli. Sasa chukua kalamu. Wiki ya kwanza unatumia 500,000 zote. Ukishapeleka rejesho la kwanza, 125,000 za deni zimerudi, kwa hiyo wiki ya pili unatumia 375,000, ya tatu 250,000, ya nne 125,000. Kwa wastani, mwezi mzima ulishika 312,500. Umezilipia 100,000. Hiyo ni asilimia 32 kwa mwezi mmoja. Ukirudia kila mwezi, mwaka mmoja unalipa karibu mara nne ya fedha unayoitumia, bado hujahesabu ada ya fomu inayokatwa kabla hujapewa mkopo. Huhitaji shahada kwa hesabu hii, na mkopeshaji anategemea usiifanye. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji Tanzania lazima awe na leseni, na hata vikundi vya kuweka na kukopa vinapaswa kusajiliwa. Omba kuona leseni kabla hujaomba fedha, na usikabidhi kitambulisho wala kadi ya benki kuwa dhamana.

Juu ya kipato chenyewe, soma Women Don't Ask cha Linda Babcock na Sara Laschever, cha mwaka 2003. Babcock aliwachunguza wahitimu wa shahada ya pili wa chuo chake, Carnegie Mellon, waliopata kazi. Walioomba waongezwe mshahara waliotajiwa walikuwa asilimia 57 ya wanaume, na asilimia 7 tu ya wanawake. Nikifikiria mwanamke anavyoteremsha bei ya khanga pale Kariakoo, anainua, anaweka chini, anaondoka, anaitwa, naona ajabu kwamba huyohuyo akitajiwa ujira wake mwenyewe anasema asante. Lakini haki itendeke: utafiti uliofuata, ambao Babcock mwenyewe alishiriki, uliotoka mwaka 2007, ulionyesha kwamba mwanamke anayedai nyongeza huchukiwa zaidi kuliko mwanamume anayedai vilevile. Woga wake una msingi. Kwa hiyo nenda na karatasi: kazi ulizofanya, wengine wanalipwa nini kwa kazi kama hiyo, kiasi unachotaka. Karatasi hupunguza ubishi kuhusu tabia yako na kuuacha ubishi kuhusu namba.

Lipo andiko jingine ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya vitabu vya fedha, nami ningeliweka juu kabisa kwa mwanamke aliyeolewa Tanzania. Ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinahusu kugawana mali zilizochumwa pamoja, na mahakama hutazama mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wengi huishia hapo wanaposimulia kesi hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona mume alikuwa amempa fedha za mradi naye akazitapanya. Kwa hiyo mwenzako akikupa fedha za mradi, weka kumbukumbu: kiasi, tarehe, kilichonunuliwa. Wewe ukichangia ujenzi, stakabadhi za saruji na mabati ziwe na jina lako. Na siku ikiletwa fomu ya ridhaa ya mwenzi kwa ajili ya mkopo, isome yote nyumbani kwa utulivu, maana sahihi yako pale ndiyo inayoifanya nyumba iweze kupigwa mnada. Kenya ina Sheria ya Mali za Wanandoa ya mwaka 2013, inayotaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Inasomeka vizuri, na si ndefu.

Tatizo kubwa, najua, ni lugha. Karibu vitabu vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili unaosambazwa kwenye WhatsApp mara nyingi umebakiza maneno ya hamasa na kudondosha hesabu. Dawa yake tunayo tayari. Kikoba kina watu 15 hadi 30 wanaokutana kila wiki. Mmoja anayesoma Kiingereza vizuri apewe sura moja, aje aisimulie kwa Kiswahili kwa dakika 20, dola akizigeuza shilingi na mfano wa Ohio akiufanya wa Mbagala au Kisauni. Kitabu kinunuliwe kwa mfuko wa jamii wa kikoba, nakala moja inatosha, au kiulizwe Maktaba Kuu ya Taifa, iliyo kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Kwa mabinti wa sekondari anzeni na Kiswahili chenyewe: Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert, juu ya msichana wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu vya mama yake akiviuza, kisha mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi nyimbo zake. Waulizeni mabinti sauti yake ilikuwa mali au mzigo kwa kipimo kile cha uhasibu, na nani mwingine alifaidika na sahani za santuri zilizouzwa.

Kikao cha kwanza kisihusu kitabu kabisa. Kila mmoja aje na karatasi moja yenye deni lake: mkataba wa mkopo, ujumbe wa simu wa mkopo wa haraka, au daftari la duka analokopa unga. Majina yafunikwe kama kuna aibu. Mshika hesabu achore jedwali la safu nne ubaoni au nyuma ya kalenda: nilipokea kiasi gani mkononi, nitarudisha kiasi gani jumla, kwa muda gani, kwa wastani nilishika kiasi gani. Pigeni hesabu ya kila karatasi kwa sauti, wote mkisikia. Mtakapomaliza, mikopo ipangwe kuanzia ulio ghali zaidi, na kikundi kijadili kama mfuko wa kikoba unaweza kuununua ule wa juu kabisa, ili mwenzenu arejeshe kwenu kwa riba ya kikoba. Sura ya kwanza ya Zuri wa Lagos isomwe wiki inayofuata.